Tangazo la Maji Ni Darasa Tosha

(Hotuba kwa wakuu wa idara, wahadhiri na wanafunzi wa uhusiano wa umma, Tabora)

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, matroni na mapatroni wa hosteli ambao leo mmekubali kukaa viti vya mbele, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Kuna karatasi moja ambayo kila aliyewahi kuishi hosteli katika nchi hii anaifahamu. Inasema hivi: "Uongozi unapenda kuwatangazia wanafunzi wote kuwa kutakuwa na upungufu wa huduma ya maji kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Chini kuna saini na muhuri, basi. Maji yanakatika lini, hosteli ipi, mpaka saa ngapi, mtu akachote wapi, humo hamna. Ikibandikwa saa 4 asubuhi, kabla ya saa 5 imeshapigwa picha na kuzunguka kwenye magurupu ya WhatsApp ikifuatana na vikatuni vya kucheka. Ikifika mchana, gurupu limeshajaza yale ambayo karatasi imeyaacha wazi: chuo hakijalipa bili, pampu imeibwa, maji hayarudi mpaka mwezi ujao, na kuna mtu ana binamu yake mamlaka ya maji aliyethibitisha.

Ninachotaka kuwaomba leo ni kwamba karatasi kama ile tuichukue tuiingize darasani. Tuwape wanafunzi wa uhusiano wa umma waifanyie kazi, wakiwa na mteja wa kweli anayeweza kuwakatalia, na wakishirikiana kwa intaneti na wenzao walioko mbali ambao hawajawahi kulikanyaga geti letu. Tumeshaanza kufanya hivyo na darasa moja la Kigoma, na nitawaeleza tuliyoyaona, mazuri na yanayoudhi.

Kwanza tuangalie tulikotoka. Mhadhiri anaingia darasani na Kampuni ya XYZ inayotengeneza sabuni. Mwanafunzi anaambiwa aandae mpango wa mawasiliano, naye anaandaa. Bajeti inakuwa shilingi milioni 50, kwa sababu hela ya kufikirika haina mwenyewe. Hadhira inakuwa "jamii kwa ujumla". Vyombo ni redio, televisheni, mabango na mitandao ya kijamii. Mkurugenzi wa XYZ hajawahi kuwa safarini. Hajawahi kusema "acha hapo mezani nitaangalia". Hajawahi kumwita afisa uhusiano saa 12 jioni na kumwambia neno hili ondoa. Mwanafunzi anapata A, anahitimu, anaajiriwa halmashauri fulani, na siku ya kwanza anakabidhiwa kamera ampige picha mkurugenzi akikata utepe. Anashangaa, mpango wake wa milioni 50 uko wapi?

Au tunawapa mifano mikubwa ya vitabuni. Mnaijua habari ya Tylenol. Mwaka 1982, eneo la Chicago, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge hivyo vya maumivu vilivyotiwa sumu ya sianidi, na kampuni iliyovitengeneza, Johnson & Johnson, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, ikazungumza na umma waziwazi, kisha ikarudi sokoni na vifungashio ambavyo vikichezewa vinaonekana. Ni mfano mzuri, na mimi mwenyewe naufundisha. Lakini nimekaa na wanafunzi wanaoweza kusimulia Chicago ya 1982 siku kwa siku, na ukiwauliza kwa nini maji yalikatika hosteli yao Jumanne iliyopita wanakwambia, "Mwalimu, hatujui, si walisema sababu ziko nje ya uwezo wao?"

Kuna mfano mwingine wa vitabuni ambao sisi watu wa mji wa reli tungeupenda zaidi. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipata ajali Atlantic City, Marekani, zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya makampuni ya reli wakati ule ilikuwa kufunga mdomo. Mshauri wao, Ivy Lee, akawaambia watoe taarifa iliyoandikwa na wawapeleke waandishi wa habari eneo la ajali wakajionee. Hatua ile inatajwa mara nyingi kuwa chanzo cha taarifa kwa vyombo vya habari kama tunavyoijua. Mimi kinachonivutia hapo ni kitu kidogo: kabla ya kuandika, ilibidi mtu aende relini akajue kilichotokea. Kinafanana sana na kilichowapata wanafunzi wetu, na kisa chenyewe ni hiki.

Kikundi kimoja kilipewa tangazo la maji. Ilikuwa inajulikana mapema kwamba pampu ya hosteli za wasichana ingebadilishwa wiki iliyofuata, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ilikubali kuwa mteja. Vijana walifurahi, na jioni ileile wakaniletea tangazo limepambwa: rangi ya bluu, matone ya maji, nembo ya chuo pembeni. Maneno yalikuwa yaleyale. Upungufu wa huduma, sababu zilizo nje, tunaomba radhi. Waliamini kazi ya uhusiano wa umma ni kulivisha tangazo nguo nzuri.

Nikawarudisha. Nendeni mkaulize. Wakaenda kwa matroni, naye akawaambia yeye alipigiwa simu tu kwamba awaandae wasichana. Wakaenda ofisini, wakaambiwa taarifa imetoka idara ya majengo. Idara ya majengo wakasema muulizeni fundi. Fundi wakamkuta nyuma ya tanki, mikono imejaa grisi, wakamuuliza kazi itaanza saa ngapi na itaisha saa ngapi. Akawatazama kwanza. Kisha akasema, "Tangu nianze kazi hapa hakuna aliyewahi kuniuliza nitamaliza saa ngapi. Huwa wananiuliza tu, bado hujamaliza?"

Hilo jibu la fundi lina thamani kuliko muhadhara wangu wa wiki tatu. Tangazo lile halikuwa baya kwa sababu mwandishi wake hajui Kiswahili, wala kwa sababu uongozi una roho mbaya. Lilikuwa baya kwa sababu aliyeliandika hakuwa na cha kuandika. Habari ilianzia kwa fundi ikiwa nzima, na kila mlango iliopita iliacha kipande, mpaka ikafika ubaoni ikiwa imebaki radhi peke yake. Wanafunzi wakaelewa, bila mimi kuwaambia, kwamba nusu ya kazi ya afisa uhusiano inafanyika ndani ya taasisi, kwa kutembea kutoka ofisi hadi ofisi, kabla neno moja halijatoka nje.

Wakaandika upya. Rasimu yao ilisomeka hivi: "Maji yatakatika hosteli za wasichana Jumatano kuanzia saa 2 asubuhi. Pampu inabadilishwa. Fundi anatarajia kumaliza saa 10 jioni. Jazeni ndoo Jumanne usiku. Tanki la nyuma ya bwalo litakuwa na maji. Saa 8 mchana tutatoa taarifa nyingine, hata kama hakuna jipya."

Nadhani mnaona tofauti. Lakini hapo ndipo Kigoma walipoingia.

Rasimu ilikuwa kwenye waraka wa Google Docs ambao madarasa yote mawili yanaufungua kwa simu. Wenzetu wa Kigoma kazi yao ilikuwa kuisoma kama mgeni. Ndani ya saa chache pembeni ya waraka pakajaa maoni. Wa kwanza aliuliza, "Bwalo lipi? Mwaka wa kwanza aliyefika juzi atalijuaje?" Wa pili, "Hosteli za wasichana ziko ngapi, na zote zinatumia pampu hiyo?" Zilikuwa mbili, na moja ina pampu yake. Vijana wetu hawakuwa wamefikiria hata kidogo kulisema hilo, kwa kuwa kila mtu chuoni analijua. Wa tatu akaandika, "Kama kuna mwanafunzi anayetembelea magongo na anaishi juu, maji ya nyuma ya bwalo yatamfikiaje chumbani?"

Hapo gurupu lilinyamaza. Yupo, tena wanasoma naye. Jioni matroni akaombwa, akakubali, wahudumu wawili wakapangiwa kupeleka ndoo, na mstari mmoja ukaongezwa kwenye tangazo.

Ndiyo maana nasema umbali ni msaada. Watu wanauchukulia kama tatizo la kutatuliwa na teknolojia: tungependa tukutane ana kwa ana, kwa bahati mbaya tuko mbali, basi tutumie intaneti. Mimi nauona kinyume chake. Anayeishi hapa hawezi kulisoma tangazo la hapa kwa macho mapya, macho yake yameshazoea. Aliye Kigoma analisoma jinsi mwanafunzi mpya wa Oktoba atakavyolisoma, na jinsi mzazi wa Sikonge aliyetumiwa picha yake kwenye simu atakavyolisoma. Na kwa kuwa hawezi kunyoosha kidole akauliza "pale eeh?", inabidi kila kitu kiandikwe. Reli imetuunganisha na Kigoma tangu 1914, lakini kwa reli kikundi kingekutana labda mara moja kwa muhula, wakaishia kupigana picha na kula migebuka.

Marekani, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la New York, SUNY, una kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya kuunganisha madarasa ya nchi tofauti kwa intaneti yafanye kazi moja. Ni jambo la kuiga. Sisi hatukuona haja ya kuvuka bahari kwanza. Mwalimu mmoja hapa, mmoja kule, waraka mmoja, inatosha.

Na wao walileta yao. Kikundi cha Kigoma kilikuwa kinafanyia kazi maelekezo ya usajili wa mwaka wa kwanza. Karatasi yao ilisema mwanafunzi "afike Block C akiwa na viambatisho vyote husika". Vijana wa Tabora, ambao wiki ile walikuwa bado wanauguza majeraha ya bwalo, hawakuwaachia. Viambatisho gani? Husika na nini? Kontroli namba mtu anaipata kabla ya kufika au akishafika, na kama mkopo wake wa Bodi haujatoka anasajiliwa au anarudishwa nyumbani? Swali hilo la mkopo wenzetu walilipeleka kwa mhasibu wao, na kumbe hata ndani ya ofisi ile watu wawili walikuwa na majibu mawili. Ilibidi mkuu wa idara akae nao kwanza wapate jibu moja ndipo karatasi iandikwe.

Rudini kwenye maji, maana sijamaliza. Rasimu ikapelekwa kwa mteja. Mshauri wa Wanafunzi akaisoma, akachukua kalamu, akafuta "saa 10 jioni". Akasema, "Isipofika saa 10 watanisulubu mimi, si fundi." Wanafunzi wakarudi kwangu wamenuna, wakidhani mama huyo anaficha ukweli. Nikawaambia hafichi chochote, ana hofu, na hofu yake ina msingi, kwa sababu fundi naye ni binadamu na spea zinatoka Mwanza. Sasa ninyi ndio maafisa uhusiano. Mnamfanyaje bosi wenu mwenye hofu halali akubali kusema kitu chenye manufaa?

Waliandikiana na Kigoma siku mbili. Mapendekezo mengine yalikuwa ya ajabu. Hatimaye binti mmoja wa kule akaandika kwamba mama anaogopa ahadi, basi tumpe ahadi anayoweza kuitimiza: hatuwezi kuahidi maji saa 10, lakini tunaweza kuahidi taarifa saa 8. Wakampelekea Mshauri hivyo: neno "anatarajia" libaki, na sentensi ya saa 8 iandikwe kwa herufi kubwa. Akasaini.

Siku ya siku, pampu haikuisha saa 10. Iliisha saa 2 usiku. Lakini saa 8 mchana taarifa ilitoka: boliti moja imekatika, inatafutwa mjini, tutawaambia tena saa 11. Na saa 11 ikatoka nyingine. Siwezi kuwaambia kwamba wasichana walishangilia. Walilalamika, na wengine walitukana, hosteli ni hosteli. Ila kwenye gurupu hapakuwa na bili isiyolipwa, hapakuwa na pampu iliyoibwa, na yule mwenye binamu mamlaka ya maji hakupata nafasi.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, James Grunig na Todd Hunt, waliigawa kazi ya uhusiano wa umma katika mifano minne, na kila mwanafunzi wetu anaikariri kwa ajili ya mtihani. Kwa maneno yangu: wa kwanza ni kupiga kelele ili usikike. Wa pili ni kutoa taarifa. Wa tatu ni kusikiliza watu ili ujue namna bora ya kuwashawishi. Wa nne ni kusikiliza ukiwa tayari wewe mwenyewe kubadilika. Huo wa nne kwenye makaratasi unaonekana kama ndoto. Lakini tangu tangazo lile, idara ya majengo inamtaka fundi aandike saa anayotarajia kumaliza kabla ya kufungua bomba lolote. Taasisi imebadilika kidogo, na wanafunzi wanajua ni swali lao lililoibadilisha.

Na mji huu hauhitaji kufundishwa na Marekani juu ya kuzungumza na watu waliokasirika. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapahapa Tabora, wengi wao wakiwa hawataki kusikia habari ya kura tatu, ule utaratibu wa kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Nyerere aliwaeleza kinachowaudhi na kwa nini waingie kwenye uchaguzi huo hivyohivyo, akajibu hoja, na mkutano ukakubali. Si wote. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasimsahau Mtemvu wanaposimulia kisa hiki, kwa sababu afisa uhusiano anayeahidi kwamba kila mtu ataridhika anamdanganya mwajiri wake.

Sasa niseme kuhusu intaneti yenyewe, maana najua kuna wanaojiuliza, bando nani analipa? Nitafika huko.

Tulikuta mapema kwamba maongezi ya moja kwa moja kwa video hayatufai. Mmoja anaganda, mwingine umeme umekatika, wa tatu yuko kwenye daladala, na walio na simu nzuri ndio wanaoongea. Kwa hiyo kazi yetu ni ya maandishi, kila mtu anaingia muda wake. WhatsApp inatumika kwa salamu, utani, kukumbushana na kubishana, na sauti za dakika nne zinaruhusiwa, hatuwezi kuzikataza hata tukitaka. Lakini uamuzi wowote ambao haujaandikwa kwenye waraka wa pamoja haupo. Mtu akisema "si tulikubaliana kwenye sauti?", jibu ni hapana. Hii imezua ugomvi mwingi na imetuokoa mara nyingi zaidi ya ugomvi. Picha na mapambo vinakuja mwisho kabisa, maneno yakishakubalika, kwa sababu ya kuokoa MB na kwa sababu vijana wakianza na picha hawarudi tena kwenye maneno.

Kuna faida ambayo mimi sikuitegemea. Google Docs inaweka historia ya marekebisho: nani alibadilisha nini, saa ngapi. Ninyi wahadhiri mnajua ugonjwa wa kazi za vikundi, watu saba wamesaini na aliyefanya ni mmoja. Hapa inaonekana. Niliona kijana mmoja wa Kigoma kila alichoandika kimeandikwa kati ya saa 6 na saa 10 usiku. Nilidhani ni mtu wa kulala mchana. Kumbe anatumia bando la usiku kwa sababu ndilo analoweza kulimudu. Tukasogeza muda wa mwisho wa kuwasilisha kutoka saa 12 jioni hadi asubuhi. Hakuna fomu ya tathmini ambayo ingeniambia jambo hilo.

Katika kusahihisha, tumeacha kabisa kuhesabu waliopenda na waliosambaza. Wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona mwaka 2010 wakakubaliana misingi kadhaa, mmojawapo ukiwa ni kupima kilichobadilika kwa watu badala ya wingi wa ulichotoa, na mwingine ukikataa kupima thamani ya habari kwa bei ambayo ungelipia tangazo la ukubwa uleule. Kwetu hilo limegeuka swali rahisi tu: kabla ya tangazo watu walikuwa wanauliza nini, na baada yake wanauliza nini? Kikundi kinakusanya maswali ya gurupu siku moja kabla na siku moja baada. Maswali yakihama kutoka "kwa nini" kwenda "saa ngapi", kuna kazi imefanyika.

Nigusie kwa kifupi mradi wa damu, kwa sababu una mtego. Juni 14 ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, na kila mwaka vyuo vinabandika bango lenye tone jekundu na maneno "Changia damu, okoa maisha". Kikundi kilichouchukua mradi huo kilianza kwa kuuliza watu kwa nini hawachangii. Majibu yalikuwa matatu yanayojirudia: naogopa kuambiwa majibu ya vipimo, damu tunayotoa bure inauzwa, na sijui kama nafaa. Bango la tone jekundu halijibu hata moja. Wakaandika maswali na majibu ya wazi: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, na vipimo vinafanyika kwa siri. Muuguzi wa damu salama aliwapitia mstari kwa mstari, akakubali karibu vyote, akafuta mmoja tu: "Hutasikia maumivu." Akawaambia sindano ni sindano. Andikeni itauma kidogo kisha itakwisha, vinginevyo mtu wa kwanza atakayeumia ataenda kuwaambia wenzake kwamba mengine yote nayo ni uongo.

Mtego ulikuwa picha. Kijana mmoja alimpiga picha binti akichangia, akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp kwa nia njema kabisa. Binti hakuwa amewaambia wazazi wake. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari ya afya ya mtu ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi. Picha ilifutwa ndani ya saa moja, samahani ikaombwa ana kwa ana, na ridhaa ya maandishi ikawa sehemu ya kila mradi. Sheria hiyo tulishaifundisha darasani mwezi mmoja kabla. Darasani ilikuwa na vifungu, na hapa ilikuwa na sura ya mtu wanayemjua.

Wakuu wa idara, sasa nazungumza nanyi, na naomba mnivumilie. Miradi hii inaweza kuharibiwa kwa njia mbili na zote ziko mikononi mwenu.

Njia ya kwanza ni kuwageuza wanafunzi vibarua. Idara inasikia kuna vijana wanaoandika na kuchora bure, inawapa mabango ya mahafali, kadi za mwaliko, na kazi ya kushika kipaza sauti. Huo si mradi wa kufundishia. Mradi lazima uwe na watu wasioelewana juu ya kitu, au wasiojua kitu wanachohitaji kujua. Mahafali hayana utata wowote, kila mtu anajua yatakuwepo na kila mtu anataka picha.

Njia ya pili ni kuwataka walete sifa. Mwanafunzi akirudi na matokeo kwamba watu hawaendi maktaba kwa sababu mhudumu wa jioni ni mkali, matokeo hayo yasomwe. Hatuyabandiki ubaoni, wala hatumtaji mtu, tunampa mkuu wa idara mkononi. Akiyachana, wanafunzi wamejifunza vilevile, ila wamejifunza kitu ambacho tutakijutia wakishaajiriwa. Hatuwezi kuendelea kulalamika kwamba maafisa uhusiano wa nchi hii ni wapiga picha wa wakubwa wakati sisi wenyewe tunawazoesha hivyo wakiwa mwaka wa pili.

Kwa muhula ujao tunatafuta miradi minne, miwili hapa na miwili Kigoma. Maktaba wameshajitokeza. Zahanati bado wanafikiria, nadhani ni kwa sababu ya foleni ya kadi za bima, na kama ndivyo basi hao ndio tunaowataka hasa. Fomu ziko kwa katibu wa idara yetu, ni ukurasa mmoja. Sehemu tunayoiangalia ni ya chini, panapoulizwa jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana kuhusu kazi ya wanafunzi, na namba yake ya simu. Tafadhali msiandike "ofisi". Mwanafunzi hawezi kwenda kubishana na ofisi.

Na bando. Hadi sasa wanafunzi wanajilipia, na walimu wawili tunachangia pale inapobidi, jambo ambalo haliwezi kuendelea. Hatuombi maabara ya kompyuta wala projekta. Tunaomba Wi-Fi ya maktaba iachwe ikiwaka mpaka saa 4 usiku siku mbili kwa wiki, na fungu dogo la vocha kwa vikundi, liandikwe kwenye bajeti ya somo kama yanavyoandikwa makaratasi ya mtihani. Mhasibu yuko hapa, nimemwona anaandika muda wote niliokuwa naongea. Ningependa yeye ndiye aanze kuuliza.